SOMO LA WASOMAJI: TUCHAGUE VITABU GANI VYA WAANDISHI WANAWAKE?



Katika mitaa kadhaa ya hapa Bariadi, akina mama na vijana wa kike wameanza kukutana baada ya ibada ili wasome vitabu pamoja. Jambo hili ni jema, nasi tunalifurahia. Sasa wametuletea swali: "Twataka kusoma vitabu vilivyoandikwa na wanawake. Tuanze na vipi?" Sisi tuliofundisha walimu chuoni kwa miaka mingi tunajua kwamba kikundi cha kusoma hakifi kwa uvivu wa watu wake. Mara nyingi hufa kwa kitabu cha kwanza kilichochaguliwa vibaya. Kwa hiyo yafaa tulijibu swali hili kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

1. KWA NINI VITABU VYA WANAWAKE?

Wako wazee wanaouliza: je, kuwasomesha wake zetu vitabu vya wanawake si kuwafundisha ukaidi? Tusiwacheke wazee hawa. Hofu yao yastahili jibu.

Jibu la kwanza limo katika ibada zetu wenyewe. Katika Sala ya Jioni tunaimba wimbo wa Mariamu, ulioandikwa katika Injili ya Luka sura ya kwanza. Katika Waamuzi sura ya tano umo wimbo wa Debora. Mithali sura ya thelathini na moja yaanza kwa kutueleza kwamba maneno yale mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Basi Kanisa halikuanza leo kusikiliza maneno ya mwanamke. Umoja wa Akina Mama wenyewe, tunaouona kila mahali penye Waanglikana, ulianzishwa na mwanamke, Mary Sumner, huko Uingereza mwaka 1876.

Jibu la pili ni la kielimu. Habari za mwanamke zikisimuliwa na mwanamume peke yake, tunapata nusu ya habari. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, hakutuachia kitabu chake mwenyewe. Tunamjua kwa kalamu ya Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake. Tunamshukuru Shaaban Robert. Lakini nani hatamani kujua Siti mwenyewe angesema nini kama angeshika kalamu?

2. MIZANI MINNE YA KUCHAGULIA

Kitabu kuandikwa na mwanamke hakutoshi kukifanya kifae kwa kikundi. Kila kitabu tukipime kwa mizani minne.

(a) Lugha. Wengi wetu hapa tulianza kusema Kisukuma, Kiswahili tukakijulia shuleni. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, watasoma wawili na kumi watasinzia. Kikiwa cha Kiswahili kigumu cha pwani, anahitajika mtu wa kufafanua.

(b) Urefu. Kusoma kwa sauti kwenda polepole. Kwa kawaida saa moja haimalizi kurasa ishirini, maana watu husimama, hucheka na kuuliza. Kitabu cha kurasa mia tatu kikianzwa wakati wa palizi, mavuno ya pamba yatakikuta hakijafika nusu, na watu hawatarudi.

(c) Upatikanaji. Vitabu vingi vizuri vya miaka ya 1970 na 1980 ni adimu madukani. Msichague kitabu kabla ya kujua nakala zitatoka wapi.

(d) Jambo lenyewe. Je, kitabu chagusa maisha tuyajuayo: mahari ya ng'ombe, binti kuachishwa shule, mjane kunyang'anywa shamba, kijana kukimbilia mjini? Kama msomaji hajioni popote ndani yake, atasikiliza kwa adabu tu.

3. VITABU TUNAVYOVIPENDEKEZA

Kwanza, anzeni na tamthilia. Sababu ni nyepesi. Tamthilia ni fupi, tena ina sehemu za watu wengi, hivyo kila mmoja hupata maneno ya kusema. Hata bibi asiyejua kusoma aweza kufundishwa sehemu yake kwa kuisikia, akaisema kuliko sisi sote.

Mwandishi wa kumwendea hapa ni Penina Muhando, aliyezaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro, mahali panapojulikana sana na Waanglikana kwa misheni na hospitali yake. Alikuja kuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake Hatia ilitoka mwaka 1972. Ni habari za msichana aliyetoka kijijini kwenda mjini, akarudi ana mimba, na kijiji kizima kikabaki na swali: mwenye hatia ni nani? Swali hilo halijachakaa. Miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule na habari ikaishia hapo. Ni Novemba 2021 tu serikali yetu ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Je, sisi wazazi tumewarudisha? Kikundi kikisoma Hatia hakitakosa kufika kwenye swali hilo.

Baada ya Hatia, someni Nguzo Mama ya mwaka 1982, ya mwandishi huyo huyo. Humo wanawake wa kijiji kiitwacho Patata wanajaribu kusimamisha nguzo, na kila mmoja ana jambo lake linalomrudisha nyuma. Mtu yeyote aliyewahi kuwa katika kamati ya akina mama atawatambua wote.

Pili, riwaya fupi. Ndyanao Balisidya aliandika Shida, iliyotoka mwaka 1975, juu ya vijana wanaoacha kijiji wakifuata mji na kukutana na taabu. Ni nani katika Bariadi, Maswa au Meatu asiye na mtoto au mdogo wake Mwanza au Dar es Salaam? Zainab Burhani naye aliandika Mali ya Maskini, 1981, na Mwisho wa Kosa, 1987. Kwa wale wanaotaka kitabu kipya, iko riwaya ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar, Mungu Hakopeshwi, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ya mwaka 2018.

Tatu, tafsiri. Mariama Bâ wa Senegal aliandika kwa Kifaransa mwaka 1979 kitabu ambacho mwaka 1980 kilipata Tuzo ya Noma ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kwa Kiswahili chaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mjane anamwandikia rafiki yake juu ya mume aliyeoa mke wa pili baada ya miaka mingi ya ndoa. Mwandishi alikuwa Mwislamu wa Afrika Magharibi, lakini nyumba anayoieleza haiko mbali na nyumba zetu. Kitabu hiki kisomwe na kikundi kilichokwisha kuzoeana, maana kitawatoa watu machozi.

Nne, cha kale. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake Mwana Hashima mawaidha. Una beti zaidi ya mia moja. Lugha yake ni ya kaskazini ya pwani, kwa hiyo msiuanze bila nakala yenye maelezo. Mama yule anamfundisha binti yake utii mkubwa sana kwa mume. Wako wanaoupenda utendi huo kwa sababu hiyo, wako wanaoukataa kwa sababu hiyo hiyo, na wako wataalamu wanaosema kwamba nyuma ya maneno ya utii yamo maneno ya werevu. Tunaupendekeza kwa vile unatuonyesha kwamba wanawake hawakuandika jambo moja wala hawakukubaliana wote. Anayedhani kila kitabu cha mwanamke chafundisha ukaidi, na amsome Mwana Kupona. Anayedhani chafundisha unyenyekevu tu, na arudi kwa Penina Muhando.

4. VIPI KUHUSU VITABU VYA KIINGEREZA?

Viko vizuri ambavyo itakuwa hasara kuvipita. Grace Ogot wa Kenya, aliyesoma shule za misheni ya Kianglikana na kufanya kazi ya uuguzi, alitoa mwaka 1966 The Promised Land, habari za mume na mke Wajaluo waliohama Nyanza kuja kutafuta ardhi Tanganyika. Sisi wa upande huu wa Ziwa tunawajua wahamiaji wa namna hiyo. Wengine ni majirani zetu. Marjorie Oludhe Macgoye alikuja Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu kwa ajili ya misheni ya CMS, akaolewa huko, akaandika Coming to Birth, 1986. Wote wawili walifariki mwaka 2015. Kwetu Tanzania, Elieshi Lema alitoa Parched Earth mwaka 2001; yeye pia ameandikia watoto kwa Kiswahili na ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya uchapishaji ya E & D.

Ushauri wetu ni huu: msivisome hivi kwa sauti neno kwa neno. Mwalimu mmoja au mwanafunzi wa kidato cha juu akisome chote nyumbani, kisha awasimulie kikundi kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, sura moja kila mkutano. Bibi zetu walikuza vizazi kwa masimulizi. Kusimuliwa kitabu si aibu.

5. MAMBO YA KUANGALIA KATIKA KUTAFUTA

Jina. Mwanamke aweza kuwa na majina mawili kwenye majalada. Penina Muhando na Penina Mlama ni mtu mmoja. Tena jalada likiwa na herufi ya kwanza tu, kama Z. Burhani, usidhani ni mwanamume. Katika maktaba tafuteni kwa majina yote.

Nakala. Ulizeni kwanza kwa walimu wastaafu; masanduku yao yana vitabu ambavyo maduka yamekwisha kuvisahau. Kisha maktaba ya mkoa ya Mwanza. Nakala tatu zatosha watu kumi na wawili, maana anasoma mmoja na wengine wanasikiliza.

Kurudufu. Tusichukue kitabu kizima kwenda kukitoa fotokopi na kugawana. Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Na hata kama isingekuwapo, kitabu ni shamba la mwandishi. Haifai kumsifu mama kwa kazi yake huku tunamvunia mazao.

6. NAMNA YA KUSOMA

Wazee wanaukumbuka mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Utaratibu ule ni mzuri hata leo: kusikia, kujadili, kutenda. Mmoja asome kwa dakika ishirini. Kiongozi aulize maswali mawili tu. Kila mtu apate nafasi kabla ya yeyote kusema mara ya pili, na mke wa mkubwa asitangulizwe kuliko mke wa mkulima. Linalosemwa pale juu ya ndoa ya mtu libaki pale pale. Akina baba wakiomba kuingia, wakaribishwe, ila wakubali kusikiliza kwanza.

Mwisho, kikundi kiwe na daftari. Ngano za Kisukuma walizotusimulia mabibi zetu, nyimbo za kutwanga na za kubembeleza watoto, hizo nazo ni kazi za waandishi wanawake ambao hawakupewa kalamu. Bibi akifariki bila kuandikiwa, kitabu chake kimezikwa pamoja naye. Kila kikundi kiandike angalau ngano moja kwa mwezi, pamoja na jina la aliyeisimulia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Someni Mithali 31:1-9, kisha sehemu ya utendi wa Mwana Kupona. Mama wa Lemueli anamfundisha mwana wa kiume. Mwana Kupona anamfundisha binti. Kama wangebadilishana watoto, kila mmoja angesema nini?

2. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Hatia ya Penina Muhando ilitoka mwaka 1972. Zote mbili zinahusu msichana aliyeanguka. Mwanamume ameona nini, na mwanamke ameona nini?

3. Katika mtaa wenu, ni wasichana wangapi walioacha shule kwa mimba wamerudi tangu mwaka 2021? Wale ambao hawakurudi, ni nani aliyewazuia?

4. Ni mwanamke gani wa kijiji chenu ambaye habari zake zafaa kuandikwa kabla hajaondoka? Nani ataziandika, na lini?

Swali la nne msilijibu kwa maneno. Lijibuni kwa daftari na kalamu, nanyi mlete mlichoandika ili tukisome pamoja katika kurasa hizi.