Fidia ya Kifo cha Ajali ya Barabarani

Barabara kuu ya TANZAM hupita Mkoa wa Songwe kutoka upande wa Mbeya, kupitia Vwawa, hadi mpakani Tunduma, nayo hubeba malori yaendayo Zambia na Kongo usiku na mchana. Ajali inapoua mtu, hutokea mashauri mawili. Kesi dhidi ya dereva ni ya Jamhuri na huishia kwa faini, kifungo au kuachiwa huru. Fidia hudaiwa na familia yenyewe, chini ya sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310. Kungoja kesi ya dereva iishe ni hatari: Sheria ya Ukomo wa Mashauri huweka miaka 3 kwa madai ya madhara.

Wanaodaiwa fidia hiyo ni mmiliki wa gari na dereva. Bima ya lazima ya mtu wa tatu ndiyo hulipa kwa kawaida. Wanufaika ni waliomtegemea marehemu: mume au mke, watoto, wazazi. Kinachopimwa ni riziki waliyoipoteza. Mchuuzi wa mpakani hana hati ya mshahara, lakini daftari la mauzo, leseni ya biashara, risiti za ada za watoto na miamala ya simu ni ushahidi. Vitu hivi hupotea mapema msibani, na visipotunzwa fidia hupungua.

Baada ya mazishi, kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi aliyeteuliwa hukusanya cheti cha kifo, taarifa ya daktari na ripoti ya polisi ya ajali, PF 90, kisha huiandikia kampuni ya bima. Bima ikikataa au ikipunja, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na mahakama vipo.

Lori la kigeni huhitaji haraka zaidi. Kabla halijavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, namba zake za usajili na za Kadi ya Njano ya COMESA zinapaswa kuwamo katika kumbukumbu za polisi, kwa kuwa kadi hiyo ndiyo bima yake nchini.

Mara nyingi mwenye gari hufika msibani na jeneza, chakula na fedha. Ubani kupokewa ni utu, wala haufuti madai. Karatasi inayosema familia imelipwa na haitadai tena ndiyo huyafuta. Isisainiwe kabla ya mwanasheria kuisoma.

Marehemu aliyefia kazini, kama dereva au utingo aliyeajiriwa, wategemezi wake hudai pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), bila kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Familia isiyomudu wakili iulizie katika ofisi ya halmashauri huduma ya bure inayotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.