Springi za Lori: Kinachomtikisa Dereva Huharibu Mzigo

Tangu skimu za makazi za Kinangop na Ol Kalou zilipoanza katika miaka ya 1960, viazi na kabichi za wakulima zimekuwa zikisafiri kwa lori. Siku hizi vikundi vingi hutaka kununua lori lao wenyewe, na mara nyingi huwa limekwisha tumika. Muuzaji huwaambia, "Hili limeongezwa springi, litabeba zaidi." Somo la mwezi huu litaeleza kwa nini maneno hayo si sifa.

LORI LISILO NA PUA

Malori mengi tunayoyaona barabarani hayana pua. Dereva huketi juu ya injini, na kiti chake ki juu ya ekseli ya mbele, au mbele yake kidogo. Faida yake ni kwamba kwa urefu ule ule wa gari, nafasi ya mzigo huwa kubwa zaidi, na lori hugeuka kwa urahisi mahali pembamba. Injini ikitaka kutengenezwa, chumba cha dereva huinamishwa mbele.

Lakini faida hiyo ina bei yake. Katika lori lenye pua, dereva huketi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama mtoto aliyekaa katikati ya ubao wa bembea. Katika lori lisilo na pua amekaa nchani. Gurudumu la mbele likiingia shimoni, pigo humjia moja kwa moja. Na kwa kuwa kiti ki juu sana, kila lori linapoinama na kuinuka, yeye husukumwa mbele na nyuma.

KAZI YA SPRINGI

Springi za malori mengi ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Gurudumu likipigwa, mabamba hupinda, na pigo hupungua kabla ya kufika juu.

Springi iliyobonyea sentimeta 10 chini ya mzigo wake hucheza kama mara 1.6 kwa sekunde. Ikibonyea sentimeta 2.5 tu, hucheza mara 3. Ikibonyea sentimeta 1, hucheza mara 5. Kwa hiyo springi ngumu hutikisa upesi upesi. Mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikiso wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa maana tumbo na uti wa mgongo hucheza pamoja nao. Dereva anayetikiswa hivyo kwa miaka mingi huugua mgongo.

Hii ndiyo sababu lori tupu hurusha watu kuliko lori lililojaa. Springi zake zilitengenezwa kwa mzigo kamili, na bila mzigo hazibonyei.

SHOKAMZOBA

Springi ikibonyea, hutaka kurudi juu, kisha chini tena, mara nyingi. Kazi ya shokamzoba ni kuutuliza mchezo huo. Shokamzoba ikifa, gurudumu hurukaruka juu ya barabara. Gurudumu lililo hewani haliwezi kushika breki wala kufuata usukani. Tairi nazo huliwa kwa mabaka, na viazi hugongana gunia zima. Kiazi kilichochubuka huoza upesi, na mnunuzi hukikataa.

KUONGEZA MABAMBA

Tuseme springi ina mabamba 8 yaliyo sawa, na fundi akaongeza 2. Ugumu wake umezidi kwa robo. Lori halitalala chini likijazwa, na mwenyewe atafurahi. Lakini breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, na fremu ni ile ile. Pigo ambalo springi imekataa kulimeza sasa huingia katika fremu, katika mzigo na katika mgongo wa dereva. Uzito ambao lori linaruhusiwa kubeba haukuongezeka hata kilo moja.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo hupima ekseli. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi 4 isizidi tani 10. Ikiwa kiwanda kimeandika uzito mdogo zaidi, fuateni ule wa kiwanda.

HESABU YA MZIGO

Magunia 120 ya viazi ya kilo 50, kama kanuni za viazi za 2019 zinavyotaka, ni tani 6. Magunia 120 yaliyojazwa hadi kilo 110 ni tani 13.2. Anayehesabu magunia ataona mizigo miwili sawa. Springi haitadanganyika.

Mahali pa mzigo ni muhimu pia. Chukueni lori ambalo ekseli zake ziko mita 4 mbali, lenye mzigo wa tani 6. Kitovu cha mzigo kikiwa mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele hubeba tani 1.5 za mzigo na ya nyuma tani 4.5. Kitovu kikiwa sentimeta 40 nyuma ya ekseli hiyo, ekseli ya nyuma hubeba tani 6.6, na ya mbele huinuliwa kwa nusu tani na zaidi. Usukani huwa mwepesi, na dereva hurushwa kila shimo.

KABLA YA KUNUNUA AU KUKODI

1. Hesabuni mabamba ya springi kushoto na kulia. Yawe sawa, bila ufa na bila bamba jipya lililochomekwa kati ya makuukuu.
2. Tazameni shokamzoba. Ikivuja mafuta, imekwisha.
3. Kagueni bolti zinazofunga springi kwenye ekseli, zisilegee.
4. Tikiseni chumba cha dereva na kiti chake. Vyote viwili vina springi au mipira yake, nayo huchakaa.
5. Pimeni upepo wa tairi zikiwa baridi. Upepo mwingi mno huleta ugumu, na mchache mno huchemsha tairi hata ipasuke.
6. Someni uzito ulioandikwa na kiwanda, kisha muuamini huo kuliko maneno ya muuzaji.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini lori tupu hutikisa kuliko lililojaa?
2. Lori lenu linaruhusiwa kubeba tani 5. Je, magunia mangapi ya kilo 50 yataingia?
3. Mwenzenu ataka kuongeza mabamba ili kupunguza safari za sokoni. Mtamjibuje?

(Jibu la swali la 2: magunia 100.)