Somo: Mwanafunzi wa Chuo Kikuu na Jirani Yake

1. Kusudi la somo

Wazazi wengi wa Tshopo huuza mpunga, mihogo na samaki ili mtoto mmoja apate kusoma Kisangani. Wamwagapo, huko Isangi, Opala au Bafwasende, humwambia: “Shika masomo yako, usijitie katika mambo mengine.” Ni shauri la upendo, lakini halitoshi. Je, mwanafunzi akikaa na daftari zake tu hata apate diploma, amekwisha kulipa deni lake? Somo hili laonyesha kwamba bado.

2. Chuo na mji wake

Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville. Jina lake la kwanza lilikuwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka 1964 vita vya Wasimba viliufikia mji, masomo yakahamishiwa Léopoldville kwa muda. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha na vyuo vikuu vingine vya nchi. Mwaka 1981 kikapewa jina lake la sasa. Mnamo Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita mjini, na raia wengi wakafa. Basi chuo hiki kimeonja taabu za mji wake. Haifai wanafunzi wake wakae mjini kama wageni.

3. Maisha ya chuoni

Ndani ya chuo mna kwaya, michezo, kamati za wanafunzi, na vyama vya watu wa asili moja. Vyama hivyo vina mema yake: humpokea mgeni, humwuguza mgonjwa, huwasaidia waliofiwa. Lakini mwanafunzi asiyejua chama kingine ila kile cha kabila lake amebaki kijijini, ijapokuwa analala mjini. Siku ya kuchagua viongozi, yeye hauulizi uwezo wa mtu, huuliza kwao ni wapi.

Jambo hili si dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2023, ng’ambo ya mto, upande wa Lubunga, ugomvi wa ardhi uliwasha moto kati ya Wambole na Walengola. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Wakati kama huo msomi hujulikana. Maneno yake aweza kuyatumia kama maji ya kuzima moto, au kama mafuta ya kuuzidisha. Aliyezoea kula, kucheza na kufanya kazi pamoja na mwana wa kabila lingine hatawaamini upesi wanaosema kwamba kabila hilo lote ni adui.

4. Mfano wa Floribert Bwana Chui

Floribert alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika chuo kikuu. Katika ujana wake aliingia Jumuiya ya Sant’Egidio, akawa rafiki wa watoto wa barabarani, wale ambao watu wa Goma huwaita maibobo. Aliwatafuta, akawasaidia wapate kusoma.

Baadaye akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kwenye mpaka wa Goma. Alipewa rushwa ili aviache vyakula vilivyoharibika vipite, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma.

Angalia vema, ndugu msomaji. Ujasiri ule haukuota kwa siku moja mpakani. Yeye aliyekwisha kuketi na watoto wenye njaa alijua ni nani watakaokula chakula kile kibovu. Aliwajua maskini kwa nyuso zao, ndiyo sababu hakuweza kuwauza.

5. Namna ya kuanza

Kwanza, masomo yawe na saa zake, yasiibwe. Mganga asiyejua kazi yake hamsaidii mgonjwa, hata akiwa na moyo mwema.

Pili, mwanafunzi achague huduma moja ndogo, aishike mwaka mzima. Mwanafunzi wa uganga asitoe dawa kabla ya wakati wake, lakini aweza kuwafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Mwanafunzi wa sheria aweza kumsomea mjane barua ya serikali iliyoandikwa kwa Kifaransa. Wa kilimo aweza kuwasaidia majirani katika bustani ya mboga.

Tatu, aifanye kazi hiyo pamoja na mwenzake wa kabila lingine.

Nne, asitafute sifa. Anayehudumu ili achaguliwe kiongozi ataacha siku ile atakaposhindwa.

6. Maswali

Kwa nini shauri la wazazi halitoshi?
Chama cha watu wa asili moja chafaa wakati gani, na chadhuru wakati gani?
Huduma ya Floribert kwa watoto ilimtayarishaje kukataa rushwa?
Katika mtaa wako, ni nani anayengoja msaada ambao wewe waweza kuutoa juma hili?