Buni, Kahawa na Qahwa: Jina Likihama, Hukumu Hufuata Nini?



Ndugu msomaji, anayesafiri kutoka Jinja kwenda Mbale huiacha Busoga, ambako wakulima hupanda robusta, na kufika chini ya Mlima Elgon, ambako miteremko ya Bugisu hutoa arabika. Mazao hayo ndiyo yaliyolipia karo za wengi wetu. Katika somo hili tuyatazame majina yake, kwani ndani yake mna funzo la lugha na funzo la fikihi.

1. Asili ya neno haipatikani kwa kubahatisha

Tuanze na mfano wa mbali. Tunda la mti wa mwaloni huitwa acorn kwa Kiingereza, na ballut kwa Kiarabu. Waingereza wengi wa zamani walidhani neno lao limeundwa na majina mawili, la mwaloni na la nafaka, hata wakabadilisha tahajia yake ili ilingane na dhana hiyo. Wataalamu walipochunguza Kiingereza cha kale waliona sivyo. Neno hilo ni ndugu wa acre, ambalo zamani lilimaanisha shamba au uwanda, nasi tumelipokea kwa sura ya "ekari". Kwanza lilimaanisha tunda la porini kwa jumla, kisha maana ikabana, likabaki kwa mwaloni peke yake.

Tunapata kanuni mbili hapa. Kwanza, maneno kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Pili, neno laweza kubaki lilelile huku maana yake ikihama.

2. Buni na mbuni

Kiswahili fasaha hutofautisha vitu vitatu: mti ni mbuni, tunda lake ni buni, na kinywaji ni kahawa. Tofauti hiyo imo pia katika Kiarabu: bunn ni punje, qahwa ni kinywaji. Waethiopia husema buna kwa Kiamhari. Hata rangi imepata jina humo. Mwarabu huiita bunni kutokana na punje, na Mswahili huiita kahawia kutokana na kinywaji.

Jina "arabika" nalo lisitudanganye. Linnaeus aliuandika mti huo kwa jina hilo mwaka 1753, kwa kuwa Ulaya iliujua kupitia Uarabuni. Asili ya mti wenyewe ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Robusta iko karibu nasi zaidi: humea yenyewe katika misitu ya Uganda, na Waganda wana jina lao, emmwanyi.

3. Qahwa kabla ya kahawa

Hapa ndipo penye uzito wa somo. Katika mashairi ya Kiarabu ya kale, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Wanalugha walieleza kwamba uliitwa hivyo kwa sababu humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Karne ya 15, Masufi wa Yemen walipokunywa maji ya buni ili wakeshe katika dhikri, kinywaji chao kikabeba jina hilohilo.

Mwaka 1511 mjini Makka, Kha'ir Beg, msimamizi wa soko aliyewekwa na utawala wa Wamamluki, aliwakusanya wanazuoni kulijadili jambo hili. Alichukizwa na mikutano ya wanywaji, waliozungusha kikombe kama wafanyavyo walevi. Matabibu wakaletwa kutoa ushahidi wa madhara, na kahawa ikapigwa marufuku. Hata hivyo, amri iliyokuja baadaye kutoka Kairo ilikataza mikusanyiko mibaya bila kukiharamisha kinywaji chenyewe. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi, na mwishowe kauli ya uhalali ndiyo iliyoenea: asili ya vitu ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na kahawa hailevyi.

4. Mizani ya kutumia

Neno khamr linatokana na mzizi wenye maana ya kufunika, mzizi uleule wa khimar, yaani shungi. Khamr hufunika akili. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila kileo ni khamr, na akatahadharisha kuwa watatokea watu watakaoinywa huku wakiipa jina jingine.

Basi tazama pande mbili za mizani hiyo. Kahawa ilivaa jina la mvinyo, lakini jina halikuifanya haramu. Kileo kikivaa jina la sharubati, la dawa au la kiburudisho, jina halikifanyi halali. Hukumu hufuata kitu chenyewe na athari yake.

Jambo hili linatugusa hapa chuoni. Mwenzako akikupa kinywaji katika sherehe akasema, "Hii si pombe, ni ya kuchangamsha tu," usibishane naye kuhusu jina. Soma kilichoandikwa kwenye chupa. Uliza kinalevya au hakilevyi. Vivyo hivyo mkopo: riba ikiitwa "ada" au "shukrani", soma masharti kabla ya kutia sahihi. Na upande wa pili, usiharakishe kumharamishia ndugu yako kitu kwa sababu tu jina lake ni geni masikioni mwako. Hilo nalo ni kosa.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja neno moja la lugha ya nyumbani kwenu ambalo maana yake imebana au imepanuka.
2. Ni bidhaa gani chuoni ambayo jina lake linaficha hakika yake?
3. Kwa nini amri ya Kairo ilitenganisha kinywaji na mikusanyiko?

Wallahu a'lam.