Gari la Zamani Likikataa Kuwaka: Pima Kabla ya Kununua Betri

Wakazi wengi wa kaunti hutegemea pikapu na matatu za miaka mingi kupeleka maziwa, mboga na abiria. Gari likikataa kuwaka alfajiri, maziwa huganda na mwenye gari hukimbilia kununua betri mpya. Huenda betri haina makosa. Fuata hatua hizi kwanza.

1. Safisha vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Zima gari, fungua waya hasi (-) kwanza, kisha chanya (+). Sugua kwa brashi ya waya. Ukirudisha, anza na chanya. Usivute sigara hapo. Betri hutoa gesi inayolipuka.

2. Pima volti kwa mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.0 imeisha. Injini ikinguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, kagua alteneta, mkanda na waya zake. Hapo hata betri mpya itaisha.

3. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au viungo vimelegea. Zikiendelea kung'aa na stata iwe kimya, shuku stata au swichi.

4. Kagua waya wa ethi, unaounganisha betri na bodi na injini. Katika magari ya zamani huliwa na kutu. Weka mita kati ya kichwa hasi cha betri na chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, waya huo una kasoro.

5. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Usifunge kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya zisishike moto; ukiizuia, gari linaweza kuteketea na watu ndani. Ikiungua tena, mwite fundi atafute waya uliochunika.

Ukinusa plastiki inayoungua barabarani, simama, zima injini, na wote washuke mara moja.

Andika vipimo vyako umpe fundi. Vitampunguzia kubahatisha, nawe gharama. Betri kuukuu ina risasi na asidi: irudishe kwa muuzaji, usiitupe shambani wala mtoni.