Niiuze Laptopu, ama Niitie Diski Mpya?

Swali: Bwana Mhariri, laptopu yangu huwaka kwa taabu kubwa. Niiuze?

Jibu: Ndugu msomaji, ikiwa mashine yako ingali na diski ya sahani, izungukayo mara 5,400 kwa dakika na isomayo megabaiti 100 hivi kwa sekunde, basi yamkini ila iko hapo, wala si kwenye prosesa; kwa hiyo itie kwanza diski mpya, SSD ya SATA, ambayo hukaribia megabaiti 550, kisha ndipo uazimie kuuza, na aghalabu hutaazimia tena. Ukishikilia kuuza, diski kongwe usimpe mnunuzi, kwani kufuta faili kwa kawaida ni kulifuta jina lake tu katika daftari, hali maandishi yenyewe yamebaki, na fundi hodari huyatoa. Ibakize kwako, ama uiandike yote upya kwa sifuri.