Je, Sungura Hufariki?

Mwaka jana sungura wetu mzee, tuliyemwokoa mdomoni mwa mbwa nilipokuwa darasa la nne, alituacha. Inshani niliandika: "Alifariki, tukaizika maiti yake chini ya mti wa makadamia." Kalamu nyekundu ikapita! Eti mnyama hufa, hafariki. Huacha mzoga, si maiti. Tena hufukiwa, hazikwi.

Kilabuni tulibishana kweli kweli. Kufariki kumetoka Kiarabu, maana yake kutengana, na ni ndugu ya kufarakana. Ndivyo nilivyohisi hasa, lakini nakubali: kwa mazoea tumemwachia binadamu neno hilo, na maiti pia.

Kuzika je? Hapo nilikataa. Elsa, simba yatima aliyelelewa na Joy na George Adamson tangu 1956, alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe. Kaburi lake limo papa hapa, Mbuga ya Taifa ya Meru, kando ya mto Ura. Nani husema Elsa "alifukiwa"? Shimo la takataka ndilo hufukiwa, bwana!

Nikaandika upya: "Sungura wetu alikufa. Tulimzika." Safari hii mwalimu hakukata kitu.